Mabakuli ya Mvua ya Mawe

Mimi Nyanchoka ndiye niliyemvunja Wilkista mkono. Nasema mapema, mtu asije akaniambia ati nimeficha. Nilimvunja kwa fito, ile tunayolaza juu ya chai ili tuchume sawasawa, mwaka wa sitini na tisa, na siku hiyo nilifurahi.

Wilkista, au Mama Oyoo kama tulivyomwita huko laini, kwenye nyumba za wachumaji, alitoka kando ya ziwa. Mama yake alifinyanga nyungu, nyanya yake pia. Huku kwenye chai aliandikwa kazi ya nyumba kwa memsaab, mke wa meneja wa zamani. Huyo memsaab alikuwa na wazimu wake. Alijenga tanuri nyuma ya nyumba, akaletewa udongo mweupe kwa magunia, akawa anatengeneza vyombo vyembamba ajabu: ukiinua kimoja juani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Alisema vinamkumbusha kwao, mito ikiganda wakati wa baridi mpaka watu wanatembea juu yake. Wilkista alimsaidia miaka saba akajifunza yote. Memsaab aliporudi Ulaya alimwachia tanuri na udongo uliobaki.

"Barafu yake siijui," Wilkista aliniambia siku moja, wakati tulikuwa bado tunasalimiana. "Yangu inaanguka hapa hapa."

Na kweli inaanguka. Ukitaka kujua mbingu ikikasirika inafanyaje, njoo Kericho saa nane mchana. Sisi tukikimbilia ndani, yeye alikimbia nje. Alijifunga sufuria kichwani kwa leso, akaliinua bakuli bichi juu kwa mikono miwili, akahesabu mpaka kumi. Mawe yaliupiga udongo yakaacha vishimo. Ukifika kumi na tano unabaki na uji. Bakuli likitoka motoni, kila kishimo kinang'aa kama kimeshika jiwe lake.

Sasa meneja mpya akaja, akataka matofali ya tanuri ajengee kuku. Kuku! Wilkista alimwangukia miguuni. Yule bwana akasema, niletee mabakuli sita kabla wageni wangu hawajafika mwisho wa mwezi. Nikiyapenda, tanuri linabaki. Udongo ulikuwa umebaki gunia moja.

Siku hizo kampuni ilikuwa inarusha baruti mawinguni kuzuia mvua ya mawe. Mchana ule walirusha tatu. Mawe yakaanguka hata hivyo, makubwa kama mayai. Yalitoboa mabati, yakaua mbuzi wawili wa Momanyi, jirani yangu, yakaichana chai ikabaki vijiti. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda cha kupimia majani. Nilipofika nyumbani nilimkuta binti yangu Bonareri, miaka sita, niliyekuwa nimemtuma mtoni, amelala kizingitini. Kichwa kilikuwa kimepasuka, nywele zimejaa damu na barafu. Niliita, hakuitika.

Jioni msimamizi akatangaza hakuna kuchuma wiki tatu. Hakuna kuchuma, hakuna posho. Momanyi akapanda juu ya ndoo.

"Baruti tatu zimeshindwa! Nani ana nguvu hizo? Mimi kwa macho yangu nimemwona huyo mama wa ziwa amesimama katikati ya mawe, ameinua kitu cheupe mbinguni, midomo inacheza!"

Midomo ilikuwa inahesabu. Mimi nilijua. Haki ya Mungu nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu mtoto wangu alikuwa haamki na nilitaka mtu wa kumpiga.

Tulienda kama thelathini. Mlango ulikuwa wa mbao za masanduku ya chai, haukutusumbua. Mabakuli yalikuwa kwenye ubao yanakauka. Matano tuliyapondaponda. La sita alilifunika kwa mwili wake, akapigwa mateke mgongoni, kichwani, na hakuachia. Nikamwambia, "Toa mkono." Hakutoa. Nikampiga mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Nikampiga tena, pale pale. Momanyi alikuwa ameshaenda kuleta mafuta ya taa wakati filimbi za askari zilipolia, tukatawanyika.

Bonareri aliamka siku ya pili. Akaomba uji. Halafu akasema, "Mama Oyoo alinivalisha sufuria yake. Alinibeba."

Ndipo nilipojiuliza kitu ambacho mama yeyote mwenye akili angejiuliza mapema: mtoto aliyepasuka kichwa njia ya mtoni alifikaje kizingitini kwangu? Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, wacha tu.

Nilimkuta Wilkista amekaa chini. Fundi wa mifupa kutoka Sigowet alikuwa amemfunga mkono kwa vijiti. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama Oyoo."

"Msamaha haufinyangi. Nawa mikono."

Bakuli bichi likivunjika linarudi majini, udongo haupotei. Tuliloweka vipande vyote, hata vya lile la sita lililopondeka chini yake. Mkono wake haungerudi hivyo, kwa hivyo mikono ikawa yangu. Mimi ninayetwanga mtama nikavunja kinu! Alikaa nyuma yangu na fito mkono wa kushoto, ile ile yangu niliyoiangusha pale. Nikibonyeza sana, ananicharaza mabega. Udongo ukipasuka, ananicharaza. Sikumwambia aache. Siku ya kumi yalisimama mabakuli sita, na yeye akasema tu, "Sasa tungoje mawe."

Yalikuja siku tatu kabla ya wageni. Nilijifunga sufuria, nikatoka. Jiwe la kwanza lilinigonga kidole nikapiga mayowe. Bakuli la kwanza, mpaka kumi. La pili. Nilipofika la sita nikaona milango ya laini imefunguliwa yote, na watu wamesimama wananitazama mimi, kitu cheupe juu, midomo inacheza. Nilijua wanachofikiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekifikiri.

Momanyi alikuja mbio na rungu.

"Kumbe ni wawili!"

"Nipige ukitaka," nikamwambia, "lakini ngoja nifike kumi. Nne. Tano."

Hakungoja. Alinipiga ubavuni, nikapiga goti moja, mikono ikabaki juu. Sita. Akanipiga bega. Saba. Pigo la tatu lilipita chini ya sufuria likanipasua juu ya jicho, damu ikaruka mpaka kwenye udongo. Nane. Tisa. Bonareri alikuwa analia mlangoni, "Mwache mama yangu!" na Wilkista ametoka na fito, mkono mmoja, anamchapa Momanyi shingoni, usoni, bila kusema neno, mpaka akaangusha rungu na kukimbia.

Kumi.

Tulichoma kwa kuni za mkaratusi siku mbili. Meneja aliligeuzageuza lile la sita juani, akasema tanuri libaki. Nililichukua nikalitafuta lile tone la damu. Sikuliona, moto ulikuwa umelila lote.

Vidole vya Wilkista havikunyooka tena. Kuniambia yameisha, hakuniambia, si siku hiyo wala mpaka alipokufa. Tulipotoka kwa meneja alinitazama pale juu ya jicho paliposhonwa, akasema, "Kesho uje mapema."