Mmea wa Mama Mkwe Uliogoma Kuchanua

Kila alipomaliza kupika, Pil-rye alichora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya mafuta ya ufuta, pale mafuta yalipofikia. Tangu mumewe afe aliishi peke yake, ghorofa ya tatu, mjini Jecheon, na hakuna mtu mwingine aliyeingia jikoni mwake. Lakini alichora tu.

Mambo yalianza zamani. Ujanani alikuwa mshonaji katika karakana ya nguo za harusi, na siku moja jora la hariri likatoweka. Wa mwisho kutoka jana yake alikuwa yeye. Kwa majuma mawili wenzake walimtazama kwa pembe ya jicho, wakinyamaza kila alipoingia, mpaka jora likaonekana limeangukia nyuma ya kabati. Hakuna aliyemwomba radhi. Tokea hapo akakata shauri kwamba hatangoja kushukiwa. Atashuku yeye kwanza. Akamshuku muuza samaki na mizani yake, akamshuku daktari, na mumewe naye, mtu mpole aliyekuwa fundi wa saa, alihojiwa kila jioni kama aliyeshikwa mpakani.

Kitu alichokilinda kuliko vyote kilikuwa mmea mmoja wa chungu. Ni ule wenye vipande vinene vya kijani vilivyoungana kimoja kwa kingine, ambao watu wa kwao huuita miguu-ya-kaa. Mama mkwe wake alimkabidhi mwaka alioolewa, na maneno juu yake. "Huu haujawahi kukosa maua katika nyumba yetu," alisema yule bibi. "Ukikosa, nitajua pa kuuliza."

Miaka thelathini na zaidi mmea ulichanua kila baridi ilipoingia, maua mekundu kama pilipili. Kisha ukagoma. Mwaka wa kwanza Pil-rye alidhani ni mbolea. Mwaka wa tatu alidhani ni jicho la mtu. Mwaka wa saba, mama mkwe kaburini, mume naye kaburini, alianza kuamini kwamba yule bibi amekasirika huko aliko.

Mwezi wa tisa alihamia jirani mpya ghorofa ya nne, Mama Sang-mi, mjane mwenye sauti kubwa aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mabanda ya kuotesha maua. Alishuka kusalimia na sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha. Hata hajakaa vizuri, macho yake yakatua kwenye kona ya sebule, pale mmea ulipowekwa juu ya sakafu inayopashwa joto kwa chini, chini ya taa ya kusomea.

"Mama Tae-gi," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "huyu mgonjwa wako analala saa ngapi?"

"Mgonjwa gani?"

"Huyo wa kwenye chungu. Taa hii inazimwa saa ngapi?"

"Saa nne usiku. Marehemu mume wangu alikuwa akisoma gazeti hapo, nami nimeacha hivyo hivyo. Wezi wakiona taa watadhani kuna mwanamume ndani."

Mama Sang-mi akacheka mpaka akapaliwa na kiazi. "Basi umewafukuza wezi na maua pamoja. Mmea wa namna hii hauchanui mpaka uone usiku mrefu. Utoe kwenye roshani ya vioo kwenye ubaridi. Saa kumi na moja jioni ufunike kwa boksi, uufunue asubuhi saa mbili. Maji kidogo sana. Wiki sita. Na usiuchungulie chungulie."

Pil-rye aliitikia kwa adabu. Mgeni alipotoka, alikaa akayapima yale maneno. Baridi, giza na kiu. Hiyo ilikuwa dawa au jela? Mtu hajamaliza wiki jengoni, ashaanza kuuguza mimea ya watu. Kiazi alikinusa mara mbili ndipo akakila.

Hata hivyo, kumbukumbu ya kifo cha mama mkwe ilikuwa inakaribia, na aibu ya kuandaa meza ya marehemu, yenye vyakula vya kumkumbuka, mwaka mwingine bila ua moja ilimshinda. Akaamua kujaribu, lakini kwa tahadhari zake. Alihesabu vipande vyote: mia na arobaini na viwili. Halafu akafukua udongo kwa kidole, akafunga uzi wa bluu shinani, akaufukia. Mtu akibadilisha mmea, uzi utasema.

Mama Sang-mi akawa anashuka kila jioni. "Nimepita tu," husema, na macho tayari yako roshani. Na Pil-rye naye husimama mlangoni pa roshani mikono kifuani, kama askari wa zamu.

Wiki ya nne alilazimika kwenda Seoul siku mbili, kwenye harusi ya mpwa wake. Nani atafunika boksi? Alizunguka na swali hilo siku nzima. Ufunguo hakuwa tayari kuutoa kwa mtu. Mwisho akaubeba mmea mwenyewe mpaka ghorofa ya nne, ngazi kwa ngazi, na nyonga yake mbovu.

"Uko vilevile nilivyouleta, eti?" alimwuliza Mama Sang-mi aliporudi.

"Vilevile. Kipande kimoja tu kimekatika nilipogeuka mlangoni."

"Kiko wapi?"

"Nimekichomeka kwenye udongo. Kitaota."

Pil-rye alishuka nao akahesabu. Mia na arobaini na kimoja. Aha, akajisemea, kumbe alichotaka ni mbegu. Siku tatu hakufungua mlango, ingawa alisikia ukibishwa na sauti ikiita, "Mama Tae-gi, najua uko ndani, nanusa supu."

Siku ya nne aliinua boksi, akaona kwenye ncha za vipande vitone vidogo kama punje za mchele. Alipanda ghorofa ya nne na slipasi za ndani, akasahau kabisa kwamba amenuna.

"Sasa usiuguse," Mama Sang-mi alimwonya. "Usiugeuze hata kidogo. Ukiugeuza utadondosha vyote kwa hasira."

Vichomozo vikanenepa, vikarefuka. Pil-rye alivitazama kila asubuhi akingoja wekundu. Haukuja. Na siku moja katikati ya mwezi wa kumi na mbili, jua lilipogonga vioo, ua la kwanza likafunguka, jeupe kama karatasi.

Alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kisha akapanda juu.

"Mmea wangu uko wapi?"

"Uko kwako, mama. Umeuweka wapi tena?"

"Wangu ni mwekundu. Ulioko kwangu ni mweupe. Siku mbili ulikaa kwako. Sema."

Mama Sang-mi alifuta mikono taratibu, akashuka naye. Akaliangalia ua, akamwangalia Pil-rye. "Mimi ni mropokaji," alisema, "lakini si mwizi."

Pil-rye akapiga magoti na kufukua udongo. Uzi wa bluu ulikuwa palepale shinani, fundo lake mwenyewe, fundo la mshonaji. Alibaki na kidole kwenye udongo.

"Ulisema huu ni wa mama mkwe?" Mama Sang-mi aliuliza, sauti imelegea. "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na kitu."

"Wa miaka arobaini shina lake ni gogo, mama. Huu haujafika kumi."

Hapo ndipo Pil-rye alipokumbuka mwaka alipopasuliwa nyonga. Alilala hospitali mwezi mzima, na aliporudi alikuta mmea umepungua. "Nimeupogoa," mumewe alisema. "Na tangu sasa utakaa ndani, kwenye joto." Jioni ileile alisogeza taa ya kusomea karibu na chungu.

Kesho yake alikwenda sokoni kwa Mzee Pyo, muuza maua, ambaye mumewe alikuwa akimtengenezea saa.

"Baba Tae-gi aliwahi kununua miguu-ya-kaa kwako?"

Mzee Pyo alikuna kisogo. "Nilijua utakuja siku moja. Nilidhani utakuja mapema zaidi." Akamvutia kiti. "Ulikuwa hospitali. Wewe ulimwachia kazi moja tu, auingize mmea ndani kabla ya barafu. Kila jioni alikuwa kwako wodini, akarudi amechoka, akasahau. Asubuhi akaukuta umekuwa uji. Alikuja hapa midomo inatetemeka, nikadhani umekufa wewe."

"Ukampa mweupe."

"Nilimpa uliokuwepo, haujachanua. Akaniuliza rangi. Nikamwambia labda mwekundu, labda mweupe, sijui. Akafikiri sana, kisha akaniuliza swali ambalo sijaulizwa na mtu mwingine: nifanyeje usichanue kamwe?"

Pil-rye alirudi nyumbani kwa miguu, akavipita vituo viwili vya basi. Miaka mitano mtu mzima alikaa chini ya taa mpaka saa nne, gazeti lilelile, macho yake mabovu, ili asiulizwe swali moja. Alijaribu kukasirika. Alimsemesha kwenye picha ukutani: "Ungeniambia." Lakini alijua angefanya nini kama angeambiwa. Angeuliza saa ngapi, wapi, nani alishuhudia, na angeuliza mpaka kifo. Akalia kidogo, huku amesimama, bado na koti.

Jioni alipanda ghorofa ya nne na bakuli la kimchi, figili zilizochachushwa kwa pilipili.

"Nilikukosea, Mama Sang-mi."

"Hiyo ina sumu?"

"Kidogo tu."

"Basi ingia tule, tufe wote."

Siku ya kumbukumbu ya mama mkwe, chungu kilisimama kando ya meza ya marehemu, maua kumi na saba, yote meupe. Jumapili iliyofuata mwanawe, Tae-gi, alipiga simu kutoka Busan.

"Nasikia umechanua, mama. Mwekundu kama wa bibi?"

Pil-rye alilitazama ua lililokuwa karibu na dirisha.

"Mwekundu," akasema.

"Nitakuja mwaka mpya niuone."

"Utakuta yameshaanguka," alimjibu, na akamwuliza kama anakula vizuri.