Shikamoo Iliyorudishwa Dirishani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Mbulu, mwanangu mgongoni. Mbele yangu bibi mmoja aliyetoka Yaeda Chini alipitisha barua dirishani kwa mikono miwili. Alikuwa akimwombea mjukuu wake yatima nafasi ya bweni, na siku ile ilikuwa ya mwisho.

Karani alisoma mstari wa kwanza tu. "'Bwana Mkubwa, shikamoo.' Bibi, mkubwa wetu siku hizi ni mama. Kaandike upya."

"Mwanangu, mimi simjui. Nimemwamkia nisije nikamkosea, pengine ni mtu mzima."

"Na barua ya ofisi haina shikamoo. Anayefuata!"

Mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye foleni alichana karatasi katikati ya daftari lake, akachuchumaa ukutani, akaiandika barua upya akianza na "Ndugu", neno linalomtosha mwanamume na mwanamke.

"Shikamoo yangu umeiweka?" bibi akauliza.

"Nimeiweka mwishoni, bibi. Watamezea."

Bibi akacheka, akampapasa bega. Waliporudi dirishani, karani alikuwa akifunga.

"Orodha imeshaondoka, bibi. Labda mwakani."

Bibi aliikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Tunabishana siku hizi jinsi ya kumwamkia mkubwa tusiyemwona. Yule karani ni rika la wajukuu wa bibi. Barua mbili zilifika dirishani kwake, zote zimebeba shikamoo, na kinywani mwake haikutoka hata moja.