Muhuri Juu ya Sauti ya Baba

Kaka yangu mkubwa hajawahi kuniamini na mashine. Nikiwa shule ya msingi nilifungua redio ya nyumbani nione ndani mna nini, ikanyamaza milele, na ingawa sasa ni miaka chungu nzima napata riziki kwa kompyuta, bado akinipa simu yake huisimamia kama mtu ambaye ng'ombe wake anakamuliwa na jirani. Kwa hivyo sikushangaa sana aliposema, baba akiwa ameshazikwa, kwamba ile sauti niliyoirekodi huenda nimeichezea. Niliumia, lakini sikushangaa.

Baba alipoona mapafu yamemshinda, aliniita nyumbani Molo nimrekodi. Kwetu neno la mwisho la mzazi linaitwa kirumi, na halivunjwi. Hata sisi tuliookoka tunaliogopa, tukijifanya hatuliogopi. Alisema mengi, mengine ya ng'ombe tu. Lakini moja alilirudia: dada yake, yaani shangazi yetu ambaye hakuolewa, asihamishwe kutoka nyumba yake kule chini karibu na mto mpaka Mungu mwenyewe amwite. Kisha akataka nimchezee asikie. Rekodi iliishia kwa kikohozi kirefu, nikataka kukikata ili iwe safi. Akakataa. Akasema niiache ilivyo, nifunge.

Nikaifunga jinsi ninavyofunga kazini. Mimi hutunza vifaa vidogo vya kupima baridi katika vyumba vya maua kule Naivasha, na programu zake tunazitia muhuri ili zisibadilishwe na mtu wala na diski inayozeeka. Muhuri wenyewe si mgumu kuelewa ukiutazama polepole. Faili inagawanywa vipande vidogo, na kila kipande kinapigiwa hesabu inayokipa alama yake, kama alama ya kidole. Alama hizo nazo zinakusanywa na kupigiwa hesabu, na zinazotoka vilevile, hadi inabaki moja ya juu kabisa inayozisimamia zote. Tangu hapo faili ni ya kusomwa tu. Kila kipande kikitaka kusomwa, kompyuta inakipima upya, na kisipolingana na alama yake inakataa kukitoa. Haibahatishi wala haiponyi. Inakataa tu.

Kilichonipendeza tangu nijifunze kazi hii ni mahali zinapokaa hizo alama. Katika mfumo ninaoutumia zinaandikwa baada ya mwisho wa faili, nje ya ukubwa unaotangazwa, hivi kwamba anayesikiliza sauti hazifikii wala hajui zipo. Mtu wa Molo hahitaji maelezo zaidi. Amewaona wanunuzi wa viazi wakishonea gunia kilemba cha wavu juu ya mdomo wake: linahesabiwa gunia moja, na kumbe kuna kitu juu. Tofauti ni kwamba kile cha viazi ni cha kumpunja mkulima.

Ile alama ya juu niliituma kwenye grupu ya familia jioni ileile, baba akinywa uji wake. Ulikuwa mstari mrefu wa herufi na namba. Kaka alijibu akiuliza kama hizo ni tokeni za stima, azibonyeze kwa mita. Watu wakacheka, tukaendelea na mengine.

Baba alipofariki, kaka akapata mnunuzi wa ile sehemu ya chini ya shamba, penye nyumba ya shangazi. Nilimfuata kwake mjini, mtaa wa Milimani, nikiwa na kompyuta yangu. Shangazi alikuwa ameshaanza kugawa kuku wake bila kuulizwa na mtu, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

"Siku hizi kompyuta inaongea kama mtu yeyote," kaka akaniambia. "Nitajuaje huyo ni mzee?"

Nikamweleza habari za muhuri. Akauliza nani aliuweka. Nikasema mimi. Akatabasamu, na ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa la haki. Muhuri unalinda kuanzia siku ulipowekwa; haujui yaliyotangulia, wala haujui tabia ya aliyeuweka. Ndiyo sababu niliituma ile alama kwa kila mtu, baba angali hai. Nikamwambia asiangalie kitu changu chochote. Afungue simu yake mwenyewe, apande juu kwenye grupu hadi afike kwa utani wake wa tokeni.

Ilimchukua muda. Nikaiagiza kompyuta itaje alama ya faili, nikamgeuzia skrini. Akasoma ya simu yake kwa sauti, herufi moja moja, kidole kikifuata kwenye skrini, na hakutaka nimsaidie. Katikati alipotea, akaanza upya. Zililingana hadi ya mwisho.

Nikanyoosha mkono nicheze sauti. Akaushika.

"Wacha. Najua anasema nini. Aliniambia hata mimi, tukiwa wawili tu zizini."

Masikio yaliniwaka kwa hasira. Nikamuuliza mbona basi ametuzungusha hivi, hadi shangazi hana kuku. Akasema alikuwa anaomba apate mahali nimekata au nimeongeza, kwa sababu neno langu angeweza kubishana nalo, la baba hapana.

Hasira yangu ikapungua, sijui vipi. Faili iliyofungwa hivyo huwezi kuibadilisha, lakini kuifuta unaweza, muhuri haukatazi. Yeye alipewa neno zizini bila shahidi, na angelifuta kwa kunyamaza tu. Hakunyamaza. Alimpigia mnunuzi simu nikiwa palepale, akamwambia shamba haliuzwi.

Kisha akaniuliza kama kile kikohozi cha mwisho nacho kimo ndani ya muhuri.

Nikamwambia kimo.

"Basi nichezee hapo."

Kompyuta ikakipima, ikakitoa kizima, na kaka yangu akalia.