Kituo cha Kubadilishia Treni

Generoza, fundi cherehani wa soko la Bariadi, alikaa Delhi wiki sita akimuuguza mumewe, Mayunga. Kila asubuhi walikwenda hospitali kwa treni ya mjini. Behewa la mbele lilikuwa la wanawake tu, lakini yeye alibanana nyuma na mumewe aliyesinzia, na kwenye kituo cha kubadilishia treni alimgusa bega: "Tushuke."

Mayunga alifia hukohuko. Kwa desturi ya ukoo wao, anayesafirisha maiti humwambia marehemu kila wanapobadilisha njia, asije akabaki. Generoza alichanganyikiwa, akamleta nyumbani bila kumwambia neno. Tangu hapo, cherehani ikinyamaza, husikia milango ya treni ikifunguka na kufungwa, na mtu akikoroma ndani.

Mwishowe alimpigia Goodness, binti wa dada yake anayesoma Delhi, apande treni ile na, kwenye kituo cha kubadilishia, amwambie Mayunga ashuke.

Keshoye Goodness alipiga. "Nimemwambia, mama mdogo. Watu walinishangaa, lakini nilimtaja jina, nikamwambia tushuke."

"Ulipanda behewa gani?"

"La mbele, kama kawaida."



"Baba yako mdogo haruhusiwi humo," Generoza alisema.