Niliomba Kasoro, Wakaniletea Sifa

Kompyuta zinazofika kwenye karakana yangu hapa mtaani Makiso ni vizee vitupu. Ukizipa mfumo mkubwa wa siku hizi zinagoma. Kwa hiyo huzitilia mfumo mdogo wa uendeshaji, mwepesi, ambao hapa mjini wanaufahamu wachache. Ulikosa kitu kimoja: njia rahisi ya kuhamisha faili kutoka mashine moja hadi nyingine kwa waya, bila intaneti. Nikaitengeneza programu hiyo mwenyewe, siku ambazo umeme ulikubali.

Kisha nikatafuta watu wa kujitolea kuijaribu. Niliwaambia majirani, na marafiki wa mitaa ya Mangobo na Kabondo: chukueni, itumieni ovyo, halafu mniambie inapokosea. Walirudi mmoja mmoja, kila mtu na sifa zake. "Iko muzuri kabisa, mama. Félicitations!" Mshonaji mmoja alinijia hata na lituma, ndizi za kutwanga zikiwa bado za moto. Nikawa mbogo. "Sitaki pongezi, nataka kasoro!" Wakacheka, wakadhani najishusha. Kwetu, aliyekupikia humwambii chumvi imepungua. Unakula, tena unaomba kuongezwa. Hilo nalijua tangu utotoni, lakini nilijidanganya kwamba mbele ya kompyuta watu watakuwa wengine.

Tonton, kaka wa mama yangu, alizisikia sifa hizo. Mkewe alikuwa amefariki, na kwenye kompyuta yake iliyochakaa alikuwa na rekodi moja tu ya sauti yake: tantine, huyo mkewe, akiimba peke yake jikoni, wimbo wa kwaya, mwanzo hadi mwisho. Akaihamishia kwenye mashine nyingine kwa programu yangu, kisha akaniletea ile kuukuu niifute na kuiwekea mfumo mdogo.

"Tonton, rekodi ilifika?"

"Ilifika. Nilisikia sauti yake, nikafunga. Sikuweza kuendelea."

Programu nayo ilikuwa imemwandikia kwamba kazi imekamilika. Nikaifuta ile kompyuta kuukuu, na vyote vilivyokuwa ndani.

Wiki hiyo hiyo yule mshonaji alinitajia, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, kwamba video ya harusi ya binti yake ilifika nusu. "Waya ilitikisika kidogo, programu ikasema bon, imeisha. Mie niliona tangu siku ya kwanza. Lakini mama, ulikuwa umechoka sana. Sikutaka kukuvunja moyo."

Nilifunga karakana, nikapanda pikipiki hadi kwa tonton. Nilimkuta ameshasikiliza. Rekodi ilikuwa imekatika vilevile, umebaki ubeti wa kwanza tu. Nilitaka anitukane, angalau yeye, angalau siku hiyo. Akanisogezea kiti.

"Iko bien, mama. Sauti yake iko safi."

Niliwakasirikia wote kwa wema wao, na bado nawakasirikia. Neno moja la ukali lingetosha. Naona uchungu zaidi kwa sababu kila mmoja wao alinyamaza kwa kunipenda.

Kosa lenyewe nililirekebisha mchana mmoja. Juzi tonton alipata kompyuta nyingine, akataka programu ile ile, hakutaka kusikia ya mtu mwingine. Nikahamisha rekodi mbele yake, nikachomoa waya makusudi, nikairudisha. Ilifika yote, haikupotea hata chembe, mpaka pale tantine anapovuta pumzi aanze ubeti wa pili.