Mama Fabiola, Katekista Aliyekataa Kusema Hana Shaka

Hapa kijijini Nakwa, Babati, wote tunamwita Mama Fabiola, lakini jina lake la ubatizo ni Kornelia, mzaliwa wa kule milimani Mbulu, mwaka 1929. Jamani, wazee wanasema alianza kuuliza maswali kabla hajajua kutembea vizuri! Alihamia huku Babati na wazazi wake wakulima, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja, Fabiola. Mwaka 1968 aliitwa kuwa katekista wa kigango chetu, na kwa miaka kumi na nne alifundisha maswali na majibu ya katekisimu bila kukosea hata neno.

Halafu ikaja 1982. Hali mnaikumbuka: sabuni kwa foleni, sukari ya kugawiwa, zahanati ina vitanda lakini dawa hamna. Fabiola akashikwa na malaria, siku nne tu, akafa. Mama yake akaenda kwa Padre Melkiadi kurudisha kitabu cha mafundisho.

"Padre, nikisali naona kama naongea na ukuta. Sifai kufundisha."

Padre akakisukuma kitabu kikarudi kwake. "Fundisha, Mama. Ila usiwadanganye."

Agizo hilo alilishika mpaka kufa, na ndilo lililomponza. Mwaka 1984 ukame ulimaliza ng'ombe wa wafugaji wa Hanang, na sisi wenye mashamba tulikuwa tunakula yale mahindi ya njano ya msaada, tuliyoyaita Yanga kwa rangi yake. Mfugaji mmoja, Gidamis, akaja kwenye mafundisho ya Jumamosi, akauliza mbele ya wote: "Ng'ombe wangu sitini wamekufa. Mungu wenu alikuwa wapi?" Katekista mwingine angemwambia ni dhambi zake. Yeye akasema, "Sijui, Baba. Hata mimi namuuliza habari za binti yangu, hajanijibu. Wewe njoo, tumuulize wote." Yaani Gidamis akaja kila Jumamosi, tena akaleta wenzake!

Wazee wa kigango wakachukia. Mwenyekiti wao, Mzee Isidori, akasema kikaoni, "Sukari hakuna, sabuni hakuna, sasa na majibu nayo hakuna?" Watu wakacheka sana, lakini uamuzi haukuchekesha: Jumapili asimame kanisani atamke kwamba hana shaka yoyote, la sivyo aache ukatekista, kazi pekee iliyokuwa inamtoa kitandani tangu msiba.

Jumapili ikafika, akasimama.

"Ndugu zangu, nikisema sina shaka nitakuwa nadanganya mbele ya altare. Siku nyingine Mungu namwona, siku nyingine simwoni kabisa. Lakini namtafuta. Kama hilo ni kosa, nitakaa na wanafunzi."

Akaenda kwenye benchi la wanaojiandaa kubatizwa. Gidamis akasogea. "Kaa hapa, Mama."

Macho yote yakahamia kwa Mzee Isidori. Akainuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu Teodori hajarudi tangu vita ya Kagera. Miaka mitano nawaambia nimepokea mapenzi ya Mungu. Sijapokea." Akaketi, akalia mbele yetu sote.

Padre Melkiadi hakuhubiri siku hiyo. Alisema tu, "Mama, Jumamosi fundisha."

Akafundisha mpaka Machi 1987, alipofariki kwa homa ya mapafu. Kabla hajakata roho, Mzee Isidori, aliyekuwa amekaa karibu naye, akamuuliza, "Mama Fabiola, sasa unamwona Mungu?" Akatabasamu. "Bado. Ila sijaondoka mlangoni kwake."

Mnauliza muujiza wake? Wafugaji walitembea kutoka uwanda wa Hanang, wengi hawajabatizwa, wakaweka majani mabichi juu ya kaburi lake, kama wanavyomfanyia mtu wa amani. Na Pasaka hii, wiki chache tu baada ya mazishi, habari ambayo nimeshindwa kabisa kukaa nayo, wamebatizwa thelathini na wanane, Gidamis wa kwanza!

Basi tumwige hivi: shaka isikubakize nyumbani Jumapili. Njoo nayo hivyo hivyo, piga nayo magoti, na usimdanganye Mungu kwamba hukuja nayo.