Karatasi za Profesa Uani Kwetu

Mwezi uliopita binti wa Profesa alinipigia simu. Watu wa maktaba ya chuo walikuwa wanakuja kuchukua karatasi za marehemu baba yake, akataka niziage. Nikapanda basi mpaka Tanga, nikaingia Makorora, mtaa niliokulia, na hamu kama ya mtoto.

Enzi hizo nilikuwa darasa la tatu, naishi na bibi yangu, muuza vitumbua. Profesa tulipakana naye ukuta. Alikuwa amestaafu, akarudi kwao na makasha ya madaftari, miaka yake yote ya kufundisha historia ya pwani. Masika moja, mwenyewe kalazwa hospitali, bati la chumba chake likang'oka na mvua ikashinda humo. Nduguze walipofika wakazitoa karatasi nje, wazichome zikikauka.

Bibi alitoka jikoni na masizi mikononi. "Msizichome. Nileteeni mimi huku uani."

"Bi mkubwa, zimeoza hizi," mmoja akasema.

"Mwenyewe hajafa."

Wiki ile vitumbua havikupikwa. Tulitandika mikeka, tukabandua ukurasa mmoja mmoja kwa kisu cha mezani. Wingu likitanda, tunakimbiza kila kitu barazani huku tunacheka. Bibi alisoma Kurani vizuri, ila herufi na namba za Kizungu hakuzijua. Basi nikawa namsomea namba za pembeni, yeye anapanga, anafunga kwa vipande vya kanga kuukuu, anatia majani ya mwarobaini kufukuza wadudu. Ua mzima ulinuka karatasi mbichi na mwarobaini.

Profesa aliporudi na mkongojo wake, aliketi kizingitini, akafungua furushi moja.

"Shikamoo, mama. Nilishajua sina kitu tena."

"Marahaba, mwanangu. Nimeanika tu, kama ninavyoanika muhogo."

Tangu siku hiyo, kila alasiri alinisomesha kwa madaftari yale yale. Ualimu ninaoufanya leo ulianzia pale.

Wote wawili wametangulia. Ua umejengwa vyumba vya kupangisha, na siku hizi paa la mtu likiezuliwa na upepo tunapata habari kwenye simu, yameshapita.

Nilipofika kwa Profesa, kijana wa maktaba alikuwa anajaza fomu. Akauliza nani alizihifadhi karatasi hizi. Nikamtajia jina la bibi, herufi kwa herufi.

"Cheo chake?"

"Jirani," nikamwambia.

Akaandika.